Vifaru vya Sebuleni

Bi Mkubwa alikuwa na njia yake ya kuomba chumvi. Walikuwa wakikaa jikoni, yeye na mke mwenzake Bi Mdogo, kila mmoja na jiko lake la makaa, wamepeana migongo. Bi Mkubwa akiishiwa, aliinua uso akamwambia paka: "Mwambie mwenzako chumvi imekwisha upande huu." Bi Mdogo alilichukua kopo la chumvi, akaliweka juu ya kinu kilichokuwa kati yao, akamjibu paka yule yule: "Mwambie ipo hapo, asijifanye haoni." Nikiwepo mimi paka alipumzika, na kazi yake nikaifanya mimi.

Mimi nilikuwa jirani yao wa Mwabungo, ua kwa ua, na nina saiba yangu Ukunda ambako watu huja kuchapisha vyeti na kutengenezewa simu. Si mtu wa kukumbuka watu. Wateja wangu wa jana sura zao sizijui leo. Lakini Bi Mkubwa, Mungu amrehemu, alinisumbua kuliko mteja yeyote niliyewahi kumpata, na nadhani mtu anayekusumbua kwa miaka mingi hupata haki ya kukumbukwa.

Kijiji kizima kiliwaita hivyo. Huyu Bi Mkubwa kwa kuwa aliolewa kwanza, yule Bi Mdogo kwa kuwa alifuata. Wajukuu waliwaita hivyo, muuza samaki aliwaita hivyo, hata imamu. Majina yao ya kuzaliwa ninayajua, lakini hawakuyatumia, na mimi sitayatumia.

Mume wao alikuwa karani katika hoteli moja ya Diani. Alikuwa mtu mwoga, na sisemi hivi kwa kumtukana. Mwanamume mwenye wake wawili chini ya paa moja asipokuwa mwoga hafiki mbali. Akinunua leso kwa huyu, alinunua doti sawasawa kwa yule. Akileta samaki, alileta wawili wa ukubwa mmoja, na kama mmoja ana mkia mrefu zaidi aliukata kabla ya kuingia uani. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vya Bi Mkubwa upande wa kulia, vya Bi Mdogo upande wa kushoto, na sebule katikati ambayo haikuwa ya mtu. Yeye mwenyewe alikwenda kwa zamu, huku na kule, na zamu haikukosewa.

Basi hoteli ilipobadilisha mashine zake, mzee akapewa kompyuta moja ya zamani, ile ya boksi chini na kioo kizito juu. Angeipeleka kwa nani? Akaiweka sebuleni. Boksi lilifunikwa kwa leso ya Bi Mkubwa, kioo kwa leso ya Bi Mdogo, na asiyejua angedhani ni maiti wawili wanasubiri kuzikwa. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na hesabu za hoteli ambazo hazikumhusu mtu tena, na gemu moja.

Ilikuwa gemu ya vifaru, hivi vya vita, si mnyama. Kimoja chekundu, kimoja cha buluu, vinawindana katikati ya kuta. Aliyeitengeneza aliitengeneza watu wawili wachezee kibodi moja: mmoja atumie herufi za kushoto, mwingine vile vishale vya kulia. Hakuna namna ya kuicheza msipokaa bega kwa bega. Mzee aliwafundisha wote wawili, siku moja, saa moja, sawasawa.

Hapo ndipo ilipoanzia. Kila siku baada ya swala ya alasiri, wale akina mama walikaa kwenye vigoda vyao, leso zimefungwa viunoni, wakapigana risasi mpaka jua lishuke. Mzee alikaa nyuma yao na kikombe chake cha kahawa. Nadhani hakuwahi kupata raha kama ile katika ndoa zake zote mbili.

Ukimtazama Bi Mkubwa akicheza ungedhani si yule unayemjua. Katika maneno ya mtaani alikuwa mviziaji hodari. Angekuchekea, akakuuliza habari za mama yako, na kumbe ameshakuchimbia shimo tangu juzi. Kwenye vifaru hakumpiga mtu kwa nyuma hata siku moja. Alisubiri adui ageuke, ndipo apige. Nilimuuliza kwa nini. "Mtu hupigwa usoni," alisema, "ndipo ajue nani kampiga." Nikamkumbusha habari ya mke wa muuza nazi na maneno aliyoyapeleka kwa mama mkwe wake. "Hayo ni maneno," alisema. "Hapa ni vita."

Karata alizikataza ndani ya nyumba ile. Alisema ni kamari, na mgeni aliyetoa karata mfukoni alionyeshwa mlango. Gemu ilisimama adhana ikiadhiniwa, hata kama kifaru chake kilikuwa kimembana mwenzake pembeni na risasi moja tu ingemaliza kazi. Aliinuka, akatia udhu, akaswali bila haraka, akarudi, akafyatua. Watu wengine wangeona huruma katikati ya swala. Yeye alirudi na shabaha nzuri zaidi.

Kulikuwa na kijana mmoja wa bara aliyepanga chumba cha nyuma, mhudumu wa hoteli. Siku ya kwanza aliingia sebuleni akasema, "Sasa shosho, mko poa?" Bi Mkubwa hakumtazama. "Mwambieni huyo," alisema, "hapa kwetu mtu huanza na shikamoo, na shosho sijui ni mdudu gani." Kijana alijifunza. Siku nyingine alimkuta Bi Mkubwa peke yake mbele ya kompyuta akaomba kucheza. "Wacha nikuonyeshe vile hii kitu huchezwa, Bi Mkubwa." Akataka kukaa kwenye kigoda cha Bi Mdogo.

"Hicho kina mwenyewe."

"Lakini hayuko."

"Hayuko ndiyo hakina mwenyewe? Simama."

Alicheza amesimama, ameinama kama anayechota maji kisimani, akauawa mara nyingi mpaka akachoka mgongo. "Aki umenimaliza," alisema. Bi Mkubwa alimwambia amejimaliza mwenyewe kwa kukimbilia mambo, kisha akampa sahani ya mihogo na samaki. Ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kula kwake, sharti kwanza akushinde kitu.

Wakati wa kisa hicho wale wawili walikuwa wameshaacha kusemezana. Sababu inajulikana na sina haja ya kuizungusha. Bi Mkubwa alikuwa amekwenda mazishini Msambweni, na ilikuwa zamu yake. Alasiri mzee akashikwa na kifua. Bi Mdogo akamtia kwenye tuktuk akamkimbiza hospitali, Msambweni hiyo hiyo, na mzee hakuifikia magharibi. Bi Mdogo simu yake haikuwa na chaji. Ndivyo alivyosema, na mimi namwamini, kwa sababu simu yake niliijua, betri yake ilikuwa imevimba. Bi Mkubwa aliteremka stendi jioni ile, mikono imejaa sinia za watu, na muuza mkate akamwambia, "Pole, Bi Mkubwa."

"Pole ya nini?" aliuliza.

Ndivyo alivyojua. Alikuwa mji mmoja na mumewe anayekufa, anakula wali wa matanga ya watu wengine, na habari akapewa na muuza mkate. Baada ya hapo hakumwambia Bi Mdogo neno. Hakumtukana wala hakumlaani. Alivaa tu leso yenye maandishi "Hasidi hana sababu" mpaka ikachakaa, na Bi Mdogo naye akajibu kwa kuvaa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Leso zile zilifanya kazi kubwa mwaka ule.

Lakini kabla ya leso hizo walikaa eda kwanza, wajane wawili ndani ya nyumba moja, hawatoki, hawasemezani. Mimi nilipeleka maji na nilipata tabu kupumua mle ndani. Alasiri moja nikasikia milipuko. Nikaingia mbio. Nikawakuta kwenye vigoda vyao, bega kwa bega, wamejitanda kaniki, vifaru vinawindana kwenye kioo. Hakuna aliyemwita mwenzake. Nilichojua ni kwamba kila mmoja alikuwa amekwenda akakaa, na mwingine akaja.

Habari ikaenea. Shangazi mmoja wa marehemu akaja na uso wa kutisha. "Bi Mkubwa, eda hii, na mizinga?"

"Kilichokatazwa nakijua," Bi Mkubwa alisema. "Marashi, mapambo, na kutoka bila haja. Vifaru vimetajwa wapi? Nionyeshe." Shangazi aliketi. Alikunywa chai akaondoka.

Ikawa hivyo miaka. Jikoni walisema na paka, sebuleni walisema na vifaru. "Toka nyuma ya ukuta huo, mwoga wee!" Bi Mkubwa alikiambia kile cha buluu. Bi Mdogo alikiambia kile chekundu, "Piga kelele tu, risasi zitakwisha." Vifaru vilitukanwa matusi ambayo binadamu wangepelekana kwa mzee wa mtaa. Wakimaliza, walifunika kompyuta, kila mmoja leso yake, wakaenda kupika.

Kompyuta ya pwani haizeeki kwa miaka, huzeeka kwa chumvi. Niliifungua mara nyingi nikaifuta kwa spiriti, nikatoa sisimizi, nikatoa mayai ya mjusi. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi na nguvu zake zote, na boksi likatoa moshi. Nilipolifungua nikakuta ndani kumekuwa kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Niliokoa gemu kutoka kwenye diski, lakini mashine yenyewe ilikuwa imekwisha. Nikawaambia. Bi Mkubwa alisema, "Kazi ya Mungu." Bi Mdogo alisema vivyo hivyo. Wakalifunika boksi kama kawaida.

Bi Mkubwa alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, anayefanya kazi hotelini Chale, na huyo alirithi uoga wa baba yake. Aliposikia, akaja na simu mbili mpya. Zilikuwa za aina moja, rangi moja, hata vifuniko vyake vilifanana. Moja akampa mama yake, nyingine akampa Bi Mdogo, mbele ya mashahidi. Akaniambia niweke ile gemu ndani ya kila simu, zipigane kwa waifai. "Sasa kila mtu acheze kwake," alisema, "kila mtu ana chake, hakuna wa kulalamika." Watu walimsifu. Mashallah, mtoto ana uadilifu, kama baba yake. Mimi nilitafuta gemu ya vifaru iliyotengenezwa kwa simu, nikaiweka, nikaijaribu, ikafanya kazi vizuri. Bi Mkubwa alikaa baraza yake, Bi Mdogo akakaa baraza yake, wakacheza mchezo mmoja, na nikaenda zangu.

Hawakucheza tena. Simu ya Bi Mkubwa ikawa ya kusikiliza mawaidha na kuwaona wajukuu. Ya Bi Mdogo ikawa ya kusikiliza mawaidha yale yale, dakika chache nyuma, hivi kwamba ua mzima ulisikia mawaidha yote mara mbili. Sebule ikafungwa. Hakukuwa na ugomvi. Kilichokuwa kimekwisha ni sababu ya mtu kutoka chumbani.

Halafu Bi Mdogo akapata homa. Niligundua mimi, nilipompelekea maandazi nikamkuta amelala, midomo imepasuka, mtungi wa maji mtupu. Alikuwa hivyo tangu juzi yake. Bi Mkubwa alikuwa upande wa pili wa ukuta wakati wote huo, akisikiliza mawaidha. Nilipita kwake nikamwambia nampeleka mwenzake hospitali.

Hakusema na paka siku ile. Alisimama, akatafuta viatu, hakuviona, akatoka miguu mitupu. Tulipomrudisha Bi Mdogo na dawa zake, Bi Mkubwa alikaa nje ya mlango wa chumba chake alasiri nzima, chini, sakafuni, bila kuingia. Nikampelekea mkeka. Akanishika mkono.

"Ningeamka nikaambiwa tena," alisema. "Na muuza mkate."

Nilimwonea huruma, na yeye hakuwa mtu wa kuonewa huruma, kwa hiyo nilimtandikia mkeka tu.

Bi Mdogo alipopona, Bi Mkubwa alipanda bodaboda, yeye aliyesema pikipiki ni jeneza lenye honi, akaja Ukunda mpaka saibani kwangu. Wateja walikuwa wamejaa. Alipokea shikamoo za wote, mmoja mmoja, kisha akaiweka simu yake mezani.

"Irudishe ile ya zamani."

"Bi Mkubwa, ile kompyuta imekufa."

"Sikusema kompyuta. Nimesema gemu. Ile ya kukaa."

Sasa hapa nieleze kidogo. Simu ya siku hizi, ile nzuri, ukiichomeka kwa waya kwenye runinga inageuka kompyuta. Inaacha sura yake ya simu, inatandaza pale kwenye kioo kikubwa uwanja wenye vijipicha na madirisha, na kipanya kinatembea. Ukiongeza kibodi, asiyejua hatajua kwamba kinachofanya kazi yote ni kile kisimu kilicholala kando. Simu alizoleta yule mtoto zilikuwa za namna hiyo. Lakini gemu ya kompyuta ya zamani haidanganyiki kwa sura. Ukiifungua inakataa, kwa sababu ndani ya ile kompyuta mna simu, na lugha zao hazifanani. Lazima uweke programu nyingine katikati, inayoiambia gemu, "tulia, upo kwenye kompyuta," na kuigeukia simu ikaiambia, "fanya hivi, fanya vile." Kazi ya mkalimani. Nami ukalimani nilikuwa nimeuzoea, nimefanya miaka jikoni kwao.

Jaribio la kwanza gemu ilifunguka ndogo, kama stempu katikati ya runinga. La pili ilijaa kioo lakini rangi ziligeuka, vifaru vyote viwili vikawa vya kijani, na Bi Mkubwa akasema hawezi kupiga mtu bila kujua kama ni yeye mwenyewe. Alikuwa akija kila siku ya soko, anakaa kwenye kiti cha wateja, ananitazama mikono. Nilimwambia aende nyumbani nitamwita. "Haraka ya nini?" alisema. "Kaburi halihami." Nikamwambia mwenye haraka ni yeye. Hakwenda.

Jaribio la tatu rangi zilikaa sawa. Nikamkabidhi kibodi mpya, ndogo, isiyo na waya, nikashika herufi mimi na yeye vishale. Tukaona jambo la ajabu. Kifaru chake kikienda, changu kinaganda. Changu kikienda, chake kinaganda.

"Nini hii?"

"Kibodi inachoka, Bi Mkubwa. Haiwezi kusikiliza watu wawili kwa pamoja."

"Mimi nikitembea yeye asimame? Hapana," alisema. "Na yeye akitembea mimi nisimame? Hapana kabisa!"

Nilijua ni ubovu wa ile kibodi ya bei rahisi. Nikamtuma nyumbani akaleta ile ya kompyuta iliyokufa, nzito kama tofali, herufi za upande mmoja zimefutika na vishale vya upande mwingine vimefutika pia. Nikaiunganisha. Vifaru vikatembea vyote viwili. Mteja mmoja akapiga makofi.

Nikadhani tumemaliza. Bi Mkubwa akauliza, "Na simu itakayochomekwa ni ya nani?"

"Hii yako."

"Basi hatakuja. Atakaaje mgeni kwenye simu yangu? Hata mimi nisingekwenda kwenye yake."

Nikamwambia ninayo simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, haina mwenyewe, naweza kuwapa bure. Alinitazama kama niliyemletea maji ya kunawa ndani ya kikombe cha chai. Alikaa, akafikiri, wateja wote wakimsubiri kama mahakamani. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Zamu. Leo yake, kesho yangu. Mume tuliweza kugawana, simu itatushinda?"

Saiba nzima ilicheka. Yeye hakucheka.

Runinga ilikuwapo sebuleni tayari. Nilikwenda alasiri ile nikaondoa boksi bovu, nikapanga waya, nikaweka kibodi juu ya meza. Bi Mkubwa alifungua madirisha mwenyewe, akafuta vigoda vyote viwili. Kisha alisimama katikati ya sebule na kusema, hakumwambia paka, hakuniambia mimi, aliuambia mlango wa kushoto uliofungwa:

"Leo ni zamu ya upande huo."

Ninataka ieleweke aliyoyafanya. Yeye ndiye aliyeolewa kwanza. Zamu ya kwanza katika kila kitu ilikuwa yake, tangu siku ya harusi ya mwenzake, na hakuwahi kuiachia, hata ya kuchota maji. Halafu Bi Mdogo akatoka, amejitanda leso mpya, simu yake mkononi ameipangusa, akaniletea mimi, hakumpa yeye. Nikaitia gemu na mkalimani wake, nikaichomeka. Vile vijipicha vikatokea kwenye runinga, nikafungua gemu, na wakakaa. Nilifurahi, nasema wazi, nikaenda kusimama uani kwa sababu machozi yangu hayamhusu mtu.

Shida zake zilikuwapo. Simu ilipopigwa katikati ya vita, jina la mpigaji lilijaa kioo kizima. Siku za zamu ya Bi Mkubwa ulikuwa ukiona mtoto wake wa Chale anakatwa simu bila salamu, kwani mama ana kazi. Mtoto alikuja kulalamika kwangu kwamba simu aliyonunua ya kuwasiliana haiwasiliani. Nikamwambia inawasiliana vizuri, ila si na yeye.

Baadaye mimi nilihama Mwabungo, nikapanga karibu na saiba, na nikawa nafika kwa nadra. Nilisikia sukari imemshambulia Bi Mkubwa macho, na daktari amesema hakuna la kufanya. Nikasema basi, vifaru vimekwisha, na safari hii hakuna waya wa kuunganisha.

Nilikwenda kumwona alasiri moja. Nikapiga hodi, sikujibiwa, nikaingia. Walikuwa kwenye vigoda vyao. Bi Mkubwa ameelekeza uso kwenye runinga lakini si sawasawa, kidogo pembeni, vidole kwenye vishale. Bi Mdogo alikuwa akisema, na nilisimama mlangoni kwa sababu nilikuwa sijawahi kumsikia akisema vile.

"Panda juu. Juu, Bi Mkubwa. Basi. Sasa kulia."

"Kuna ukuta?"

"Umeupita. Mimi nipo mbele yako."

"Umenigeukia?"

"Nimekugeukia. Haya, piga."

Bi Mkubwa alipiga. Niliiona risasi. Ilikwenda mbali kabisa na kifaru cha buluu, ikagonga ukuta, ikapotea.

"Umeniua," Bi Mdogo alisema.

"Nimekuua?"

"Umeniua vibaya." Akainuka, akaniona, akanipa mkono, akaenda jikoni kuteleka chai.

Nilimsalimu Bi Mkubwa, akaitikia, akaujua mkono wangu. Akanivuta karibu.

"Mwanangu, ile ilipata ukuta?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Nilijua. Kifaru kikipasuka husikika. Ananidanganya kila siku, yule."

"Mbona humwambii basi?"

"Nikimwambia ataona haya, atanyamaza," alisema. "Na mimi akinyamaza sijui kama yupo au nimebaki peke yangu." Aligeuza uso kuelekea jikoni, akapaza sauti. "Bi Mdogo! Upo?"

"Nipo! Niende wapi, na chai ya watu iko motoni?"